Wastani peke yake hautoshi
Makala kuhusu dodoso ambalo wanafunzi wa chuo hujaza kuwapima wahadhiri wao inasema wameupa ufundishaji wastani wa alama 3 kati ya 5. Sawa, lakini wamejibu wangapi? Darasa la watu 200 wakijibu 30, huenda waliojaza ni waliofurahi sana au waliokasirika. Tena hiyo 3 yaweza kuwa nusu wametoa 5 na nusu 1. Onyesheni mgawanyo wa majibu. Dodoso nalo huletwa wiki ya mwisho ya muhula, wakati mhadhiri hawezi kurekebisha chochote kwa hao hao waliolalamika. Ligawiwe wiki ya 5 au 6, dakika 10 ndani ya kipindi, mhadhiri akiwa nje. Na swali la "mhadhiri ni mzuri?" lifutwe: ulizeni kazi zilirudishwa baada ya siku ngapi, zikiwa na maelezo au alama tupu.