Mvueni sherifu funguo za jela

Sisi wa pwani tukisikia "sherifu" tunawaza kwanza masharifu wa Lamu, watu wa ukoo wa Mtume. Hapana undugu hapo. Sharifu ni Kiarabu, mtu mtukufu. Sherifu wa Marekani jina lake limetoka kwenye Kiingereza cha kale, msimamizi wa wilaya kwa niaba ya mfalme.

Kwa msomaji wa Tanzania, mchukue OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), mkuu wa gereza na dalali wa mahakama, wafanye mtu mmoja, halafu mpeleke kwa wananchi wampigie kura. Huyo ndiye sherifu. Anakamata, anafungia, na amri ya kukutoa nyumbani ikitoka mahakamani, watu wake ndio wanaobisha hodi. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000 na karibu kila moja ina wake, wengi wao wakichaguliwa kwa kipindi cha miaka minne. Meya wa mji si bosi wake.

Uhuru huo nauheshimu. Oktoba 2008, wakati benki zilipokuwa zikitwaa nyumba za walioshindwa kulipa mikopo, Tom Dart, sherifu wa kaunti ya Cook iliko Chicago, aligoma kuwatoa watu kwenye nyumba hizo. Maofisa wake walikuwa wakiwakuta wapangaji waliolipa kodi bila kukosa, wasiojua kabisa kwamba mwenye nyumba hailipi benki. Watu wa mabenki walimshutumu. Je, mkuu aliyeteuliwa na wakubwa angethubutu? Sidhani.

Ila katika jimbo la Arizona wananchi, kwa kura hiyo hiyo, walimchagua Joe Arpaio kuwa sherifu mara 6, kuanzia 1992, katika kaunti ya Maricopa. Mwaka 1993 alifungua jela ya mahema mjini Phoenix, mahali ambapo kiangazi joto hupita nyuzi 40, na wafungwa wakalala chini ya turubai. Alishindwa uchaguzi wa 2016. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani kwa kukaidi amri ya jaji iliyomzuia kuwashikilia watu kwa kushuku tu uhamiaji wao, na Rais Trump akamsamehe kabla hajapewa adhabu.

Miaka 24 madarakani! Hapo ndipo moyo unaponiuma. Kura humfanya sherifu amwogope mwenye nyumba anayetaka doria mtaani kwake. Aliye ndani ya jela hamwogopeshi mtu, na katika jela za kaunti wengi ni mahabusu ambao hawajahukumiwa kwa lolote.

Kwa hiyo mimi nasema abaki na kura, jela apewe mwingine. Kumpunguzia mtu huyu madaraka si jambo geni: mwaka 1215 Magna Carta, hati iliyombana mfalme, iliwakataza masherifu wa Uingereza kusikiliza kesi za Taji, yaani kesi nzito zilizokuwa za mfalme. Na katika jimbo la Kentucky, ambako Waswahili kutoka Kongo wamejaa Lexington na Louisville, katiba inamtaja mkuu wa jela wa kaunti anayechaguliwa kando na sherifu.

Ndugu zangu mliokwisha kupata uraia huko, jina la sherifu mara nyingi huwa chini kwenye karatasi ya kura, na wengi huliruka. Msiliruke. Mgombea akija kanisani au msikitini kuomba kura, muulizeni nani atakayeingia jela yake kuikagua bila kumpigia simu kwanza.