Saa moja na nusu tu, wanasema

Kuna watu ukiwauliza Dar ni mbali gani wanakujibu fasta, "aah kwa ndege saa moja na nusu tu". Saa moja na nusu ya angani sawa, ila mimi siishi angani jamani, naishi Buhongwa, Mwanza. Na uwanja wa ndege uko Ilemela, upande wa pili kabisa wa mji, kwa hiyo nikaanza na foleni ya Mkuyuni, nikatokea mjini, Kirumba, Pasiansi, bodaboda anachomekea kama katumwa kuniua, boksi la sangara nimelipakata kama mtoto mchanga, nafika shati limelowa naambiwa kaa hapo, ndege imechelewa kidogo. Hicho kidogo kilikuwa masaa manne.

Shemeji yangu yeye alipanda basi Nyegezi jana yake jioni. Kwa barabara ni kilomita 1,100 na ushee, Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma, Moro, basi mwisho 80 kwa saa, kwenye vijiji 50, hapo bado mizani, bado trafiki. Ndege inakata juu kwa juu kilomita kama 850 tu. Basi natua Dar, nakula foleni nyingine mpaka Mbezi, nakuta kashaoga, kashalala, kaamka, anachokonoa meno. "Vipi shem, huko juu kuna baridi eeh?" Nikanyamaza.

Tena hilo la kuchelewa nilishasamehe. Kilichoniponza ni picha. Si nilijipiga moja pale kwenye ngazi za ndege nikaweka status, basi ukoo mzima wa mke wangu ukaiona. Tulienda kwenye sendoff ya mdogo wake, kikao kile cha mwisho, shemeji wa basi kachanga elfu hamsini wakampigia vigelegele, mimi natoa hamsini hiyohiyo mama mkwe ananiangalia, "baba Neema, mtu aliyekuja na ndege?" Ukumbi ulikuwa haujamaliziwa kulipwa. Nikamalizia mimi. Na hela niliyomalizia ndo ilikuwa nauli ya kurudi.

Sasa ntawaambiaje narudi na basi? Nikawaaga alfajiri, nikasema nina mtu wa kuonana naye mjini halafu naunganisha na ndege ya saa tisa. Saa kumi na moja asubuhi niko stendi nimevaa kofia mpaka puani, siti ya nyuma kabisa, pembeni yangu mama ana kuku wawili hai na wote wananishangaa mimi.

Kwa hesabu zangu saa kumi na nusu jioni ndo natakiwa niwe natua Mwanza. Mama mkwe naye kumbe anahesabu. Saa kumi na nusu kamili simu inaita, hapo tuko Singida, madirisha yote yamejaa vijana wenye madumu ya alizeti. Nikaziba simu na kiganja, nikashusha sauti kama mtu aliyefunga mkanda, "Ndio mama, tunatua hivi sasa, naliona ziwa".

Konda akasimama mlangoni, ana sauti huyo kijana sijui kalelewa wapi: "Haya abiria wa Mwanza, dakika kumi, wa kuchimba dawa tushuke!"

Upande wa pili kimya. Halafu nikasikia, "baba Neema, dawa ya nini huko juu?"