Drili ya volti 88 na shelfu ya viatu isiyosimama

Alianza fundi, sikuanza mimi, nataka hilo lieleweke kabla watu hawajaanza kunicheka. Nilimwita fundi seremala wa mtaani kwetu hapa Kimara nikamwambia nataka shelfu ya viatu, kitu cha kawaida tu, ngazi nne, maana pale mlangoni kwangu mgeni akikuta vile viatu vilivyotapakaa anaweza kuanza kutoa pole akidhani kuna msiba ndani. Fundi akapima kwa macho, akaguna, akasema ufundi elfu 60, mbao juu yangu, na kianzio nusu. Kianzio nikatoa. Toka siku hiyo kila nikimpigia yuko njiani anakuja. Huu mwezi wa pili yuko njiani, sijui kama anatokea Kigoma kwa miguu.

Nikasema potelea mbali, mi nina mikono miwili na macho yote yanaona, kinanishinda nini? Nyuma ya nyumba kuna kastoo tulikuwa tunawekea mkaa na baiskeli mbovu, nikatoa mkaa, nikafagia, nikafunga taa, nikakaita karakana. Waifu anakaita stoo ya mkaa mpaka leo. Hatujaafikiana.

Jumamosi nikapanda mwendokasi mpaka Gerezani nikaingia Kariakoo. Jamani pale usiende na hela yote mfukoni kama moyo wako mwepesi. Spana zimening'inizwa kama mishikaki, misumeno inang'aa, madrili yamepangwa kwa rangi, kijani, njano, bluu, chungwa, yaani unasimama unajiona ushakuwa mkandarasi. Kijana wa dukani akaniita bosi. Sasa ukiitwa bosi Kariakoo ujue hapo bei ishapanda elfu 20, lakini na sisi tunapenda, mi nilivyoitwa bosi nikatanua mabega.

Akaniuliza bosi unataka orijino au ya kawaida. Nikauliza orijino bei gani, akataja. Nikamwambia hebu nione ya kawaida. Ya kawaida ina rangi ile ile ya orijino, mshikio ule ule, na jina lile lile la Kijapani ila herufi moja imehama, kama mtu anayetumia cheti cha binamu yake. Ni ile ya betri, unachaji unatembea nayo, alafu ubavuni imeandikwa kwa maandishi makubwa ya dhahabu: 88VF. Pembeni ilikuwepo nyingine imeandikwa 21V, bei zimepishana kidogo sana. Mi hesabu najua. Umeme wa nyumba nzima ni volti 230, pasi, friji, tivii, kila kitu, sasa huyu ananipa 88 kwenye kiganja, si zaidi ya theluthi ya nyumba hiyo? Nani mwenye akili atachukua ya 21? Akaanza na laki na ishirini, nikakaza uso, nikajifanya naondoka, akaniita, nikarudi, nikajifanya tena naondoka, safari hii hakuniita ikabidi nirudi mwenyewe, tukamalizana 85. Nikasimama pale kifua mbele kama nimemnyang'anya.

Nikauliza waranti je. Akacheka kistaarabu. Akasema bosi waranti ni hapa hapa mlangoni, tunakutestia, ikiwaka ndo tayari. Ikawaka, zzzziiii, waranti yangu ikaishia hapo, sekunde kama nne hivi. Ukutani nyuma yake pameandikwa mali ikishauzwa hairudishwi, na mimi nilisoma, sio kwamba sikusoma.

Basi mkono ukishaonja kutoa hela haurudi. Nikachukua na grainda elfu 48, seti ya vipande 46 elfu 25, nyundo elfu 7, pakti ya bisibisi elfu 5, futi ya kupimia elfu 3. Jumla elfu 173. Elfu 173 ili nisimlipe fundi elfu 60. Mahesabu hayo niliyafanya ndani ya mwendokasi nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, kona ya boksi la grainda inamchoma mama mmoja ubavuni na ananiangalia kwa jicho ambalo hata refa hana, nikaona sasa nishafika Ubungo, hayasaidii.

Nyumbani tatizo la kwanza lilikuwa plagi. Grainda ina pini mbili za mviringo, soketi zetu matundu matatu ya bapa. Kila Mtanzania anajua dawa yake, unaingiza kifuniko cha kalamu tundu la juu, vile vimilango vya chini vinafunguka, unasukuma plagi kwa nguvu na bismillah. Nikachukua kalamu ya mtoto. Plagi ikaingia, kalamu ikakataa kutoka. Mpaka sasa soketi ya sebuleni ina kalamu ya bluu imechomoza, wageni wanauliza ni modemu?

Tukaja kwenye kazi yenyewe. Mbao nilishanunua, paina, sio mninga, kwa mninga ningeuza na baiskeli mbovu. Nikaanza kukaza skrubu kwa bisibisi ya nyota. Skrubu ikashinda. Sitanii, ile ncha ya bisibisi ilizunguka ikaota mviringo kama penseli ya mtoto wa chekechea, skrubu imekaa palepale inaniangalia. Kubadilisha, ya pili hivyo hivyo. Nikasema ngoja nigonge misumari. Nyundo pigo la tatu kichwa kikahama, kikapaa, kikatua juu ya bati la jirani, kuku wake wakatawanyika mpaka kwa mjumbe. Mimi nimebaki nimeshika mpini, nimeunyanyua juu, kama naongoza kwaya.

Spana ya kwenye ile seti sizungumzii sana. Namba 13 niliikaza kwenye nati ya baiskeli kwa majaribio tu, ikatanua mdomo ikawa 14. Kuna rafiki yangu anasema nisilalamike, nimepata spana mbili kwa bei ya moja. Alafu kila kipande kimechapwa CHROME VANADIUM, ule mchanganyiko wa chuma kigumu kisichotanuka, ila cha kwangu nikikisogeza kwenye taa naona VANADUM. Hata I imeogopa kushuhudia.

Sasa drili. Ile 88. Nilitoboa tundu moja kwenye mbao, safi kabisa, nikaita familia nzima waje waone. Tundu la pili ikaanza kulalamika. La tatu ikatoa moshi mwembamba, umenyooka, kama udi wa Ijumaa, na kitu ndani kikasema krak. Waifu akauliza, baba Zai ndo inavyotakiwa? Nikamwambia inapasha.

Usiku wakishalala nikaifungua. Meno ya gia ni ya plastiki, mawili yamevunjika, yamelala humo ndani kama ya mtoto wa miaka sita. Nikaona ngoja basi nione hizo volti 88 zinakaaje. Nikafungua betri. Mle ndani wamekaa vibetri vitano vya mviringo, vinene kama kidole gumba, vile vile vilivyomo kwenye betri za laptopu za zamani. Kila kimoja volti 3.7. Nikachukua kalamu, ile nyingine, nikazidisha: 3.7 mara 5 ni 18.5. Ukivijaza chaji mpaka mwisho kila kimoja kinafika 4.2, mara 5 unapata 21. Ishirini na moja! Yaani ile drili ya 21V niliyoidharau pale dukani ndo hii hii, wamebadilisha shati tu! Na nilivyoangalia chaja yake, kwa maandishi madogo kama ya dawa ya mafua, wameandika wenyewe, output 21V. Chaja haikuhusishwa kwenye uongo. Hizo 88 zimetoka wapi sijui, ila nimeshaelewa kazi ya ile F. Wangeandika 88V wangekuwa wamesema uongo. Wameandika 88VF, sasa F ndo imebebeshwa dhambi yote.

Asubuhi nikaenda kufuata kichwa cha nyundo kwa jirani. Ni mzee mmoja mstaafu, alikuwa fundi wa karakana ya serikali enzi hizo, shikamoo, marahaba, akanipa kichwa changu kimefungwa kwenye gazeti kama nyama. Akasema mwanangu hebu lete hivyo vifaa vyako nivione. Nilivyovipanga mbele yake alinyamaza muda mrefu, kama daktari anayetafuta maneno.

Akaanza na grainda. Akaniuliza diski inaisha lini. Nikacheka, nikasema mzee diski sio maziwa. Akanionyesha lile duara la chuma katikati ya diski, kumbe pameandikwa tarehe! Diski za kukatia zinashikiliwa na gundi, gundi inazeeka na inanyonya unyevu, kwa hiyo wanaandika mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 toka ilipotengenezwa. Yangu imekwisha kabla hata sijafikiria kuoa. Alafu akasema hii grainda inazunguka mara 11,000 kwa dakika, diski ya saizi hii inatakiwa iandikwe inahimili zaidi ya hapo, 13,300, wewe yako imeandikwa ngapi? Tukatafuta namba wote wawili, na miwani yake. Pale palipotakiwa namba pamebandikwa stika ya bei. Akaiweka chini taratibu sana kama yai. Na lile kava ambalo kijana wa dukani aliniambia bosi toa tu linazuia kazi mafundi wote wanatoa, mzee akalirudisha mwenyewe bila kusema kitu, akanionyesha tu kovu lake la kidevuni.

Nikasema angalau futi nimeirekebisha mwenyewe. Maana futi nayo ilikuja mbovu, ile ndoano ya mwanzoni inacheza cheza, inaenda mbele inarudi nyuma, nikaigonga rivet zake na jiwe mpaka ikatulia tuli. Mzee akavua miwani. Akasema mwanangu ile inacheza makusudi. Ukiipachika kwenye ukingo wa mbao inavutika, ukiisukuma kwenye ukuta inaingia ndani, na inacheza kiasi cha unene wake wenyewe, ili vipimo vya nje na vya ndani vitoke sawa. Kwa hiyo katika vitu vyote nilivyonunua kwa elfu 173, kimoja kilikuwa kizima, na hicho ndo nilichokivunja.

Akaenda ndani akatoka na randa yake. Chuma kitupu, nzito kama mtoto mchanga aliyeshiba, imeandikwa Made in England, mpini umeng'arishwa na jasho la mikono yake. Anasema alipewa na Mzungu wake kazini. Akapitisha mara moja kwenye mbao yangu, ukatoka unyoya mrefu umejikunja, unaona mwanga upande wa pili. Nikaanza kulaani Wachina. Mzee akanikata, akasema acha, TAZARA nani kajenga? Kilomita 1,860 mpaka Zambia, reli wameikabidhi 1976 na bado ipo palepale chini. Mchina hana shida, mfanyabiashara wa Kariakoo akifika Guangzhou anaulizwa unataka mali ya bei gani, naye anakumbuka mteja wake ni nani, anakukumbuka wewe uliyejifanya unaondoka mara mbili dukani, basi anasema nipe ya bei hiyo, naye anapewa inayolingana na hiyo hela. Hapo sikujibu kitu. Nilikuwa naangalia kuku, na wao walikuwa wananiangalia.

Wiki tatu sasa. Kwenye karakana kumetulia kazi inaendelea, ila sio ya shelfu. Jumatatu nilinunua gundi ya kubandikia gia za drili. Jumatano nikanunua jiriwa, ya kushikia drili wakati naibandika, jiriwa yenyewe ikapasuka mdomo, Alhamisi nikatafuta mtu wa kuichomelea. Mpini wa nyundo unalala kwenye ndoo ya maji kila usiku uvimbe, kama bibi alivyokuwa anafanya kwa jembe, na waifu ameshapikia maji hayo mara moja bila kujua. Yaani nina karakana inayotengeneza vifaa vya karakana, na ule upande wa mbao mbwa wa mtaani ameshazoea kulala juu yake.

Juzi nimerudi kazini nikakuta pale mlangoni kweupe. Viatu havipo. Nikasema tumeibiwa. Kumbe waifu ameingia stoo ya mkaa, narudia, karakana, akachukua boksi la drili, lile gumu la plastiki lenye vibana, akatoa ile sponji, akapanga viatu vya Zai. Boksi la grainda viatu vyake yeye. La seti ya vipande 46 ndala zote. Kayapanga moja juu ya jingine, yamekaa sawasawa, hayayumbi, hata vumbi haliingii. Nimeyasukuma kwa mguu kuyajaribu, hayakusogea.

Viatu vyangu ndo vimebaki nje, ananiambia nafasi imeisha. Ila pale Kariakoo niliona seti ya vipande 108, nakumbuka vizuri, boksi lake ni refu, la bluu, hata buti linaingia.