Feni Iliyopotea Kati ya Saa Nne na Saa Kumi na Mbili

Meneja aliingia ofisini kwangu akiwa amevimba. Feni ya ghalani haionekani. Alitaka orodha ya kila kadi iliyogusa mlango wa ghala usiku, "kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili, Oktoba nzima." Nikamjibu, "Dakika tano tu, bosi." Nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami, lakini mimi upepo mwanana ulikuwa unanipiga kisogoni na akili imetulia. Nikaiuliza hifadhidata ya kadi (PostgreSQL) kwa lugha ya SQL; "muda" ni safu ya tarehe na saa ya kila mguso, "::time" hubakiza saa peke yake:

muda::time BETWEEN '04:00' AND '12:00'

Mwenye macho ameshaona. Bosi alitaja saa za Kiswahili, nami nikazitia kwenye mashine zilivyo. Mashine haina habari kwamba saa nne usiku ni 22:00 na saa kumi na mbili alfajiri ni 06:00. Ripoti ikatoka. Mshukiwa wa kwanza, aliyeingia ghalani mara 22, kila mara kwenye saa mbili hivi za asubuhi, alikuwa meneja mwenyewe. Akaisoma mpaka chini, akanirudishia bila kusema neno.

Jaribio la pili: BETWEEN '22:00' AND '06:00'. Rekodi sifuri. Nikatangaza, kifua mbele, kwamba mwezi mzima hakuna kiumbe aliyeukaribia mlango ule usiku. Mlinzi wa zamu, ambaye hugusa kadi kila anapozunguka, akaniuliza kwa upole: "Kwa hiyo mimi ni jini?"

BETWEEN maana yake ni >= ya kwanza na <= ya pili. Hakuna saa iliyofika 22:00 na papo hapo haijavuka 06:00, kwa hiyo hifadhidata haikukosea, ilijibu upuuzi niliouliza. Zamu inayovuka usiku wa manane inataka OR, yaani "au". Nikaiweka, kwa haraka:

WHERE muda BETWEEN '2024-10-01' AND '2024-10-31'
AND muda::time >= '22:00' OR muda::time < '06:00'

Nikabonyeza kuchapa kabla ya kutazama. Kosa la kitoto, kwa sababu AND ("na") hufunga kabla ya OR. Sharti la Oktoba liling'ang'ania upande wa 22:00 peke yake, na upande wa pili ukabaki huru kuleta kila alfajiri tangu mlango ufungiwe mashine ya kadi. Printa ikatema karatasi kama mtu aliyekula chakula kibovu. Walikuwemo watu walioacha kazi zamani. Nilichomoa waya.

Nikatia mabano kuzunguka OR. Mlinzi akatoka ujini, orodha ikapendeza, na hakukuwa na mwizi. Nilikuwa naanza kumshawishi bosi kwamba feni ilipitia dirishani, mlinzi akainua kidole. "Usiku wa tarehe 31 sijioni. Ndio ule niliolowa mvua."

Kweli. '2024-10-31' bila saa husomwa 00:00:00, hivyo siku ya mwisho hukatwa inapoanza tu. Mwenzangu akashauri niongeze 23:59:59. Ushauri huu ukimbieni. Hupoteza 23:59:59.5, na ukijitia ujanja wa kuandika .999 kwenye aina ya data ya datetime ya SQL Server (hifadhidata ya Microsoft), inakadiriwa juu na kuangukia siku inayofuata. Isitoshe, usiku wa tarehe 31 unaishia alfajiri ya tarehe 1 Novemba, na alfajiri ya tarehe 1 Oktoba ni mali ya usiku wa Septemba. Mipaka ifuate zamu, mwisho uwe "chini ya":

WHERE muda >= '2024-10-01 22:00'
AND muda < '2024-11-01 06:00'
AND (muda::time >= '22:00' OR muda::time < '06:00')

Mistari miwili ya kwanza imeiacha safu ya muda bila kuifunika na kitu, kwa hiyo faharasa yake (index, ya kutafutia haraka) inafanya kazi. Ningeandika muda::date (tarehe bila saa) pale, hifadhidata ingepekua jedwali zima. Bosi akataka na hesabu ya kila usiku. Hiyo ni kukusanya rekodi kwa makundi (GROUP BY) ya (muda - interval '6 hours')::date: ukirudisha nyuma saa sita, 22:00 inakuwa 16:00 ya siku ileile na 05:59 inarudi 23:59 ya jana, usiku mzima unabeba tarehe moja.

Safari hii usiku wa 31 ukajitokeza. Mlinzi, 22:04. Mlinzi, 23:10. Kisha 23:47, kadi nyingine, namba niliyoizoea mno. Nikaitazama iliyoning'inia shingoni mwangu. Meneja naye akaitazama, halafu akainama taratibu kuchungulia nyuma ya kiti changu.

Ilikuwa spidi namba tatu.