Semina tumekaa sana, x bado inatusumbua

Mimi nafundisha hesabu sekondari mwaka wa tisa huu na semina nimekaa za kutosha, zile za ukumbini, projekta, soda na korosho, mwezeshaji anakusomea slaidi za ufundishaji shirikishi toka asubuhi mpaka saa kumi, alafu mnasaini, posho, kwaherini. Posho siikatai jamani, nauli nani atanilipia. Ila sijawahi kusikia mtu anasema leteni madaftari ya watoto tuone wanakosea wapi.

Na kwenye daftari ndo kuna kila kitu. Juzi nasahihisha ya kidato cha pili, swali ni 3x = 12, watoto zaidi ya kumi wameandika x = 9 badala ya 4. Nikamwita mmoja, 9 umeipataje? Akanijibu bila wasiwasi, "Ticha si ulisema namba ikivuka ng'ambo ya = alama inabadilika?" Nikakaa kimya maana kweli nilisema. 3 imevuka ikawa -3, 12 toa 3 ni 9, mtoto kafuata nilichomfundisha neno kwa neno. Nikakumbuka na ile nyingine, a ni embe b ni ndizi, alafu nashangaa wakiandika 3a + 2b = 5ab, si wameyatia matunda kapu moja! Herufi pale inasimama badala ya namba, sio tunda, na aliyewapoteza ni mimi.

Daftari nikaenda nalo ofisini, tukakaa watatu na chai, mwenzetu mmoja akasema yeye neno kuvuka halitumii kabisa, anachora mzani, ukigawa kwa 3 kushoto gawa kwa 3 na kulia, basi. Nusu saa tu ile, nilitoka na kitu kuliko siku tatu za ukumbini.

Wajapani ndo zao hizi, wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja anafundisha wengine wanakaa nyuma kuangalia wanafunzi, wakitoka wanalichambua. Wakenya nao walipoanza SMASSE, mafunzo ya walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari, na hao Wajapani 1998, wilaya 9 kwanza kabla ya nchi nzima, walisisitiza panga, fanya, angalia, boresha.

Sisi Tanzania tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu wakutane palepale shuleni, wazo zuri sana silipingi. Shida iko kwenye ratiba. Shule ina mwalimu wa hesabu mmoja, vipindi vimemjaa wiki nzima, huyo atakutana na nani, kivuli chake? Na kuna sehemu kikao kinafanyika kwenye karatasi, mahudhurio yapo, saini zipo, waliokaa hawapo. Wangewaweka pamoja walimu wa shule mbili tatu za jirani, kipindi kimoja kwa wiki kiandikwe kwenye ratiba, na kila mtu aje na madaftari matano, sio slaidi.

Darasani nilirudi nikawaambia ile ya kuvuka ng'ambo futeni, nilikosea mimi. Wa nyuma kule akanyoosha mkono, "Ticha, na kwenye x + 3 = 12 nayo tufute? Mbona ile tulipata?"

Wiki nzima hiyo bado tupo kwenye mzani.