Paka Hakumeza, Shemeji Alimeza

Daktari wa mifugo alinieleza kwa wepesi wa mtu ambaye hatakuwepo. Paka wetu mdogo ana mafua, pua imeziba, na paka asiyesikia harufu ya chakula hali. Ufizi ulikuwa unanata, dalili kwamba maji yamempungua mwilini. Kwa hiyo: nipashe chakula laini kifikie joto la mwili wake, nyuzi 38 hivi, ili kinukie. Nikivute kwa bomba la sindano, sindano yenyewe ikiwa imetolewa. Nipenyeze ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya chonge, nisukume kidogo kidogo na kumwacha ameze. Nisimlaze chali, chakula kisije kikaingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe marufuku, yatamharisha amalize hata yale maji machache aliyobaki nayo.

"Tumeelewana?"

"Kabisa, daktari."

Mgonjwa ambaye asubuhi hakuweza hata kuinua sikio, alipoona taulo alipata nguvu za mzuka. Nikifunika mguu huu, unachomoza ule. Naapa paka yule ana miguu sita, na yote ina kucha.

Nikamwita shemeji, mdogo wake mke wangu, mtu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Tukaanza na yale maji ya chumvi na sukari tuliyopewa na daktari. Yalikwenda vizuri: nusu kooni kwa paka, nusu kwenye mkono wa shati langu. Tukapongezana. Ikafuata zamu ya chakula, na hapo bomba likagoma. Kibonge kilikuwa kimekwama kwenye ncha.

"Sukuma, shemeji," akaniambia, kainama na taulo lake usoni kwangu. "Wewe unaogopa. Mimi huko nyuma nimewahi kulisha hata nd..."

Nikasukuma. Paka akageuza kichwa kwa wakati wake. Kibonge kikaachia, na mzigo wote ukafyatuka moja kwa moja hadi mdomoni mwa shemeji, uliokuwa wazi kama kawaida yake. Uliobaki ukamtapakaa kidevuni na kwenye kola.

Kimya. Koo lake likapanda, likashuka. Ameze, asimeze, keshameza.

"Haina chumvi," akasema.

Mke wangu aliyekuwa mlangoni akakaa chini sakafuni, machozi yanamtoka, hasemi.

Katikati ya vurugu hiyo taulo lilikuwa limelegea. Mgonjwa akajichomoa, akapanda kifuani kwa shemeji, akanusa kwa ile pua yake inayokoroma. Akatoa ulimi. Akaanza kulamba kidevu chenye vinyweleo, taratibu, kisha kwa pupa.

"Dada, mtoe! Shati langu hili!"

"Litafuliwa," mke wangu akamjibu akijifuta macho. "Tulia hapo hapo wewe, hata kola hajafika."

Mimi nilikuwa nishakimbilia jikoni kupasha kijiko kingine cha kumpaka.