Baada ya Kinshasa, Ali alipaswa kurudiana na nani kwanza?

Alfajiri ya 30 Oktoba 1974, saa kumi kwa saa za Kinshasa, Muhammad Ali mwenye umri wa miaka 32 alipanda ulingoni katika Uwanja wa 20 Mei kumkabili George Foreman wa miaka 25, bondia aliyeshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, 37 kati ya hayo kwa KO. Zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi ya nane iishe, Foreman alikuwa ameshahesabiwa hadi kumi. Ubingwa wa dunia wa uzito wa juu ukarudi kwa Ali, na papo hapo ukazuka ubishi ambao wapenzi wa masumbwi hawajaumaliza hadi leo. Watu watatu walikuwa na hoja ya kurudiana na bingwa mpya. Nani apewe kwanza?

Tuanze na hesabu, maana ubishi wa vijiweni huiruka hatua hii. Joe Frazier alimshinda Ali kwa pointi 8 Machi 1971, Madison Square Garden, New York, na raundi ya 15 alimwangusha chini kwa konde la kushoto la kuzungusha. Ali alilipiza 28 Januari 1974 katika ukumbi huohuo, kwa pointi, raundi 12. Ken Norton alimvunja Ali taya San Diego 31 Machi 1973 na kushinda. Septemba mwaka huohuo, Inglewood, Ali alishinda bila majaji kukubaliana wote. Kwa hiyo Ali na Frazier walikuwa na ushindi mmoja kila upande, na Ali na Norton vivyo hivyo. Foreman alikuwa na pambano moja na kipigo kimoja, tena akiwa nyuma kwenye kadi za alama za majaji wote watatu kabla hajaanguka. Kama kigezo ni hesabu ambayo haijafungwa, Foreman yuko mkiani.

Ila ubingwa hauendeshwi kwa kigezo kimoja. Kuna anayestahili, kuna anayelipa, na kuna yule ambaye mtindo wake unakufaa au unakuumiza. Mara nyingi hawa ni watu watatu tofauti, na kwa Ali ndivyo ilivyokuwa.

Mabondia hao walikuwa kama mchezo wa mkasi, karatasi na jiwe. Foreman alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, Kingston, Januari 1973. Foreman huyohuyo alimmaliza Norton raundi ya pili, Caracas, Machi 1974. Aliyewasikiliza watabiri kabla ya Kinshasa aliambiwa kwamba kama Foreman anawafagia hivyo waliomsumbua Ali kwa raundi nyingi, basi Ali ataumizwa vibaya. Hesabu hiyo ilikosea kwa sababu ilipima nguvu na kusahau miguu. Frazier na Norton wote walikuwa wanasonga mbele, na anayemsogelea Foreman anampelekea kichwa pale anapokitaka. Ali hakumsogelea. Raundi ya kwanza alianza na ngumi za kulia za moja kwa moja bila kutanguliza kushoto, kitu ambacho bondia mzoefu hategemei kukiona kwa sababu ni hatari kwa anayekifanya. Kisha akajiegemeza kwenye kamba zilizolegea, akainamisha mwili nje, akazuia kwa mikono na viwiko, na kila Foreman alipofika karibu akamkamata shingo na kumkandamiza chini. Mtu wa kilo karibu 100 anayerusha makonde mapana kwenye joto la Kinshasa, huku anabeba uzito wa mwenzake shingoni, hafiki raundi ya tisa akiwa na pumzi.

Hapo ndipo hoja ya kumpa Foreman marudiano ya haraka inapopata mguu wa kusimamia. Watu walimwogopa Foreman kuliko wote, lakini kwa mtindo wa Ali alikuwa ndiye mwepesi kusomeka. Makonde yake yalitoka mbali na kwa mzunguko mkubwa, hivyo Ali aliyaona yakija. Ngumi ya Frazier huwezi kuiona mapema, kwa sababu ni mfupi, anainama, kichwa hakitulii, na konde lake la kushoto linatokea chini ya upeo wa macho.

Wanaopinga wana majibu mazito, na si haki kuyapita juujuu. La kwanza ni kwamba mazingira ya Kinshasa yasingejirudia. Foreman alipata jeraha juu ya jicho mazoezini katikati ya Septemba, pambano lililopangwa 25 Septemba likasogezwa kwa wiki tano, na kidonda kama hicho kinamzuia bondia kupigana mazoezini kwa uhuru. Kamba zingekazwa safari ya pili. Upande wa Foreman ungedai mwamuzi anayewatenganisha haraka, na bila shingo ya kushika wala kamba ya kulalia, Ali angepoteza nusu ya silaha zake. La pili, kona ya Foreman, yaani benchi la makocha wake, ingebadilika. Alipochukuliwa na kocha Gil Clancy baadaye, kazi kubwa ilikuwa kumfundisha kugawa nguvu badala ya kuzimwaga zote mwanzoni. La tatu ni la haki tu: aliyepigwa KO safi hana cha kudai mbele ya watu wawili ambao kila mmoja amemshinda Ali mara moja na kushindwa mara moja.

Jibu la kwanza lina nguvu. La pili lina kasoro ya tarehe, nami naona kasoro hiyo inaamua mengi. Foreman aliyefundishwa na Clancy ni wa 1976. Foreman wa masika ya 1975 alikuwa mtu mwingine, amejaa visingizio na hana mwelekeo. Tarehe 26 Aprili 1975 alipanda ulingoni Toronto kupigana maonyesho na watu watano siku moja, akagombana na watazamaji, na Ali mwenyewe alikuwa pembeni ya ulingo akitangaza kwenye televisheni na kumzomea. Mwili wake ulikuwa tayari kupigana, ila kichwa kilikuwa bado Kinshasa. Siku 20 baadaye Ali alitetea mkanda wake Las Vegas, dhidi ya Ron Lyle.

Sasa tazama ratiba yenyewe. Machi 1975 Ali alipigana na Chuck Wepner, Ohio, akaenda chini raundi ya tisa na kumsimamisha mpinzani zikiwa zimebaki sekunde 19 tu pambano liishe. Mei akahitaji raundi 11 kumwondoa Lyle. Kisha Kuala Lumpur, raundi 15 kamili kwenye joto dhidi ya Joe Bugner, mtu ambaye Ali alikwisha kumshinda kwa pointi 1973. Hayo nayo yalikuwa marudiano, ingawa sijui nani aliyadai zaidi ya waliouza tiketi. Jumla ni karibu raundi 41 ndani ya miezi minne kabla ya kumgusa yeyote kati ya wale watatu. Kwa bondia aliyekwisha kupunguza miguu na kuanza kupokea makonde ili achoshe wapinzani, raundi hizo hazikuwa za bure.

Mtetezi wa ratiba hiyo atasema fedha. Kinshasa kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, malipo makubwa ambayo hayakuwa yamewahi kuonekana kabla ya hapo, na kwa Wepner Ali alipata kama milioni 1.5 kwa hatari iliyodhaniwa kuwa ndogo. Unakusanya mapambano mepesi, unawaacha wakubwa wapandishe bei zao, kisha unawauza mmojammoja. Promota yeyote makini angepanga hivyo. Na kweli, kama Foreman angemshinda Ali Mei 1975, biashara ya Manila, pambano la tatu la Ali na Frazier la Oktoba 1975, ingekufa kabla ya kuzaliwa, pamoja na mamilioni yake. Hasara ya mpango huo ni kwamba bei ya bondia anayesubiri haipandi siku zote, na pambano jepesi kwenye karatasi linaweza kukusimamisha raundi 15.

Hoja ya Frazier haina haja ya kusifiwa sana, inajieleza. Pambano la pili lilikuwa limeacha manung'uniko halisi. Raundi ya pili mwamuzi Tony Perez aliwatenganisha mapema, akidhani kengele imelia, wakati Frazier ametikiswa. Upande wa pili, Frazier alilalamikia jinsi Ali alivyoachwa ashike shingo usiku mzima. Kila kambi ilikuwa na la kusema. Frazier pia hakukaa bure: alimsimamisha Jerry Quarry Juni 1974 na Jimmy Ellis, Melbourne, Machi 1975. Kwa kustahili, hakuna aliyemzidi.

Kasoro ilikuwa kwenye sababu zilizofanya kambi ya Ali imkubali kwa furaha. Walimwona Frazier amekwisha, wakitazama Kingston na zile mara sita. Waliamini Manila itakuwa kazi fupi, na raundi za mwanzo Ali alisimama wima, miguu imetulia, akitafuta KO kana kwamba mwenzake ataanguka kwa kuguswa. Hakuanguka.

Watu huongelea ujasiri wa Manila na kusahau mazungumzo yaliyotangulia. Eddie Futch, aliyeongoza kona ya Frazier, alikataa mwamuzi Zack Clayton, yuleyule wa Kinshasa, na kusukuma apewe mwamuzi wa Ufilipino. Akateuliwa Carlos Padilla. Raundi zilipoanza, Padilla hakuruhusu shingo ishikwe muda mrefu. Ali akanyang'anywa pumziko lake, na kuanzia raundi ya tano Frazier alimweka kwenye kamba na kumpiga mbavu, kisha kichwa. Pambano lilianza saa tano kasorobo asubuhi ili liwafikie watazamaji wa Marekani jioni, na ndani ya ukumbi wa Araneta joto lilikuwa kali. Ali alirudi raundi za 12 hadi 14, kwa ngumi za kulia ambazo Frazier, macho yakiwa yamevimba, hakuweza tena kuziona. Futch alisimamisha pambano kabla ya raundi ya 15. Ali alikuwa mbele kwenye kadi zote, na wote wawili hawakuwahi kuwa mabondia walewale tena.

Anayepanga marudiano ana la kuokota hapo. Mara ya pili au ya tatu, mpinzani amekwisha kujua unapumzikia wapi, na atakwenda kupumziko hilo kabla hajakwenda kwako. Mwamuzi, ukazaji wa kamba, saa ya kuanza: vyote hivyo vinajadiliwa mezani, na bingwa ndiye ameshika mpini. Ali aliuacha mpini huo Manila kwa sababu alimdharau aliyekuwa mbele yake.

Norton nitamwongelea kwa ufupi, ingawa kwa mtindo ndiye aliyekuwa kitendawili kibaya kuliko wote. Futch, aliyemnoa kwa mapambano ya 1973, aligundua kwamba Ali anaporusha ngumi ya kunyoosha ya kushoto, mkono wake wa kulia haukai mahali pa kuzuia. Norton akaambiwa arushe ya kwake wakati uleule, kisha afuate mbele hadi kwenye kamba na kupiga mwili. Ali hakupata dawa ya jambo hilo mwaka 1973, wala 28 Septemba 1976 walipokutana Yankee Stadium. Majaji wawili walimpa Ali 8-7 na mwamuzi Arthur Mercante 8-6-1, na hadi leo wengi tunaona Norton alinyimwa. Raundi ya 15 aliicheza kwa tahadhari, kona yake ikiamini yuko mbele. Kumpa pambano hilo mapema, 1975, kungekuwa haki zaidi kwa Norton na hatari zaidi kwa Ali. Kwa maslahi ya bingwa, kuchelewa kulisaidia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Ali alikosea kumchagua Frazier, wala na wanaosema ratiba yote ilikuwa ya busara. Oktoba 1975 ilikuwa ya Frazier kwa haki. Kosa liko Machi hadi Julai. Nafasi ya Lyle ilikuwa ya Foreman, akiwa hajapata kocha mpya, hajashinda pambano lolote la kujirudishia imani, na bado anatafuta nani wa kumlaumu. Ali angeweza kudai mahali na mwamuzi, akapata malipo makubwa kuliko ya Lyle na Bugner wakijumlishwa, na kupigana na mtu ambaye ngumi zake anaziona. Hatari ilikuwepo, tena kubwa: konde moja la Foreman lilitosha kumaliza kila kitu. Lakini Lyle naye alikuwa na konde la namna hiyo, na Ali alikubali hatari hiyo kwa malipo madogo.

Foreman alirudi 24 Januari 1976 na kumpiga Lyle KO raundi ya tano, katika pambano ambalo wote wawili walianguka. Juni akamsimamisha Frazier kwa mara ya pili, raundi ya tano. Bei yake ilikuwa imepanda kama wapangaji walivyotaka, na mwaka huohuo Ali alizidi kumkwepa, akiwapa nafasi Jean-Pierre Coopman, Jimmy Young na Richard Dunn. Tarehe 17 Machi 1977, San Juan, Young huyohuyo alimshinda Foreman kwa pointi na kumwangusha raundi ya 12. Foreman akaacha ngumi akawa mhubiri, na aliporudi ulingoni 1987 Ali alikuwa amestaafu zaidi ya miaka mitano.